Chupa Ndani ya Kopo la Karanga

Kengele ya asubuhi ilipogongwa, wasichana wa darasa la sita waliamka kwa kelele zao za kila siku. Huyu alitafuta kandambili, yule alilalamika kwamba ndoo yake imechukuliwa, na mwingine alijifunika shuka gubigubi akajifanya hajasikia. Selpher alikuwa ameamka zamani. Tusimsifu bure, hakuwa na bidii kuliko wenzake. Aliwahi kuamka kwa sababu alikuwa na jambo la kufanya ambalo hakutaka mtu alione.

Chini ya kitanda chake palikuwa na sanduku la bati. Ndani ya sanduku kulikuwa na kopo la karanga za kukaanga, na chini kabisa ya karanga hizo alificha chupa ndogo yenye vidonge vyeupe. Kila asubuhi alitumbukiza mkono, akatoa kidonge kimoja, akakifumbata na kwenda nacho nyuma ya bafu. Alikimeza kwa maji ya bomba, kisha akasukutua mdomo ili atakayemwona adhani anapiga mswaki. Jioni kabla ya maombi alifanya vivyo hivyo. Baada ya hapo alifagia uwanja na wenzake, ukungu ukiwa bado umeufunika mlima Wanale mbele yao, na akacheka walipocheka. Hata hivyo hofu haikumwacha, maana kopo lile lilikuwa mahali ambapo mtu yeyote angeweza kulifungua.

Shule yao ilikuwa ya bweni, nje kidogo ya Nakaloke, kaskazini ya mji wa Mbale. Kwao Selpher kulikuwa mbali, huko Jinja, katika nyumba za wafanyakazi za Walukuba. Baba yake, Alfayo Makokha, alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo. Walikuwa Wabukusu waliotoka upande wa Kenya, na hiyo ilikuwa miaka ya utawala wa wanajeshi, miaka ambayo mgeni alijifunza kusema machache na kusalimia kwa adabu.

Selpher alikuwa na kifafa. Alianguka mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka kumi, mbele ya darasa zima, katika shule aliyosoma huko Walukuba. Watoto wenzake walikimbia. Nyumbani kwao walikuwa wameambiwa kwamba povu la mgonjwa wa kifafa likikugusa, na wewe utaanguka. Tangu siku ile hakuna aliyekubali kukaa naye dawati moja. Hata majirani, watu wema waliokuwa wakimpa uji kila alipopita, walimtengea kikombe chake, wakakiweka peke yake dirishani.

Daktari wa Jinja aliwaeleza wazazi kwamba ugonjwa huo hauambukizi kwa povu wala kwa kikombe. Aliandika vidonge vya kumezwa asubuhi na jioni, bila kuruka hata siku moja, na akamfanya Selpher alirudie jina la dawa mpaka likamkaa kichwani: fenobabitoni. Dawa ilimfaa. Hakuanguka tena. Lakini kikombe cha dirishani hakikuondolewa, na Selpher alipita pale kila siku akikitazama.

Ndiyo maana mama yake, Maximilla, aliamua kwamba mtoto akasome mahali asipojulikana. Jioni ya kufunga sanduku, mama aliiloweka chupa ya dawa majini, akaibandua karatasi ya hospitali iliyokuwa na jina la mgonjwa na jina la dawa, akaikausha chupa kwa kanga na kuizika ndani ya karanga.

"Wakikuuliza, sema ni dawa ya kichwa," alimwambia. "Lile jina lingine usilitaje kabisa, mwanangu. Wakijua, watakutengea kikombe."

Safarini, kwenye kizuizi cha pale Bugembe, askari alichovya mkono kwenye kopo na kuibua ile chupa. Baba alisema kwa upole kwamba ni dawa ya kichwa ya mtoto, afande. Askari aliitikisa, akairudisha, akajichotea karanga kiganja kizima kama malipo ya kazi yake. Na walipofika shuleni, Matroni Janepher, mama aliyesimamia bweni na chumba cha wagonjwa, alimuuliza baba kama mtoto ana ugonjwa wowote. Baba alitazama viatu vyake akajibu kwamba hana, ni mzima kabisa. Selpher aliona jinsi uongo ule ulivyowapitisha mahali pawili siku moja, akaukumbatia.

Rafiki yake mkubwa pale shuleni alikuwa Hajarah, binti wa Sajenti Sebit wa kambi ya jeshi ya Mbale. Lugha ndiyo iliyowakutanisha. Wasichana wengi walizungumza Kigisu au Kiganda, na Kiswahili walikiita lugha ya askari. Hajarah alikuwa Mnubi, kwao Kiswahili kilisemwa na wakubwa kwa wadogo, na Selpher alikijua vizuri tangu utoto. Wengine walimwogopa Hajarah kwa sababu ya baba yake. Akifika kwenye mazungumzo, mazungumzo yalikatika. Yeye aliliona hilo na lilimuuma. Kwa Selpher alipata mtu wa kucheka naye bila kupimwa maneno, na vitanda vyao vilikuwa jirani.

Mle bwenini kulikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyeiandika ukutani lakini kila mtu aliifuata. Kitu kilichotoka nyumbani kwa mmoja kilikuwa cha wote. Miaka ile sukari ilipatikana kwa magendo, chumvi kwa bahati, na sabuni ilikatwa vipande kwa uzi ili jirani naye afue. Msichana aliyekula peke yake aliitwa mchoyo, na jina hilo likikushika, unamaliza nalo muhula. Ilikuwa desturi nzuri, tusiilaumu. Iliwashibisha watoto wengi ambao wazazi wao hawakuwa na cha kuleta.

Siku moja Nambozo, kiongozi wa bweni, alikuwa akijichotea karanga za Selpher, kama ilivyokuwa haki yake, vidole vyake vikagonga chupa. Aliuliza ni nini. Selpher alijibu haraka, kwa maneno ya mama yake, kwamba ni dawa ya kichwa. Nambozo akafurahi sana. Kichwa kilikuwa kikimuuma tangu juzi, na katika chumba cha wagonjwa hapakuwa na aspirini hata ya kulamba. Akanyoosha mkono.

Maskini Selpher angesema nini? Akikataa, ni mchoyo. Akieleza kwa nini anakataa, ni kikombe cha dirishani. Alikivunja kidonge kwa meno, akampa Nambozo nusu, na usiku ule hakulala vizuri kwa kumsikiliza akipumua. Asubuhi Nambozo aliamka mzima, tena amechangamka, akawatangazia wote kwamba dawa ya Selpher ni kiboko, inaondoa maumivu na kuleta usingizi mtamu. Kuanzia siku hiyo wasichana walianza kuja. Huyu jino, yule mgongo, mwingine tumbo la mwezi. Kila mmoja alikuja na sauti ya unyonge, na kila mmoja alipewa nusu.

Chupa ilizidi kuwa nyepesi. Baba asingeweza kupata nyingine kabla ya likizo, kwa kuwa hata hospitali ya Jinja ilikuwa imeishiwa, na hizi alizipata kwa shida kupitia kwa dereva wa lori aliyetoka Kenya. Basi Selpher akaanza kujipunja mwenyewe. Alimeza nusu asubuhi na nusu jioni. Baadaye, asubuhi zingine hakumeza kitu. Siku moja akiwa anakunywa uji, mkono wake uliruka wenyewe, kijiko kikaanguka chini. Wenzake walimtania kwamba ana usingizi. Selpher alicheka nao, lakini aliogopa, kwa sababu aliijua ile hali. Alifika mpaka mlangoni kwa Matroni siku ile, akasimama, akageuka akarudi.

Ikafika Ijumaa, kesho yake ikiwa siku ya wazazi kuwatembelea watoto. Hajarah alikuwa ameingoja siku hiyo tangu muhula uanze, na kama ilivyo kawaida ya mambo, kichwa kilimwanza Ijumaa hiyohiyo. Aliomba dawa. Selpher alimpa nusu. Jioni wasichana walipokwenda kwenye masomo ya ziada, Hajarah alibaki kitandani kwa ruhusa. Kichwa hakikuacha. Naye, akitaka baba yake amkute mzima, alivuta kopo la rafiki yake, akamimina vidonge kiganjani na kuvimeza vyote kwa mpigo. Hakuona kwamba anaiba. Mle bwenini kilichokuwa cha Selpher kilikuwa chake, na dawa ya kichwa ikizidi, alidhani, kitu kibaya zaidi kitakachotokea ni kupona upesi.

Jumamosi asubuhi Selpher alitumbukiza mkono kwenye karanga, akatoa chupa. Kulikuwa na vidonge vichache tu vilivyokwama chini. Alimtazama Hajarah. Alikuwa amelala chali, mdomo wazi, akikoroma kwa sauti nzito isiyokuwa yake. Selpher alimtikisa bega. Hajarah alifungua jicho kidogo, akasema neno lisilo na maana, jicho likajifunga tena. Akamtikisa zaidi. Safari hii hakupata jibu.

Hapo ndipo Selpher alipofanya kosa kubwa kuliko yote. Alimfunika rafiki yake shuka, akawaambia wengine wamwache apumzike kwa sababu kichwa kilimsumbua, akaenda kufagia uwanja. Alifagia mahali palepale mara nyingi, macho yakiwa kwenye mlango wa bweni. Alijiambia kwamba Nambozo naye alilala sana na akaamka. Alijiambia hivyo tena kwenye uji. Kila dakika iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi, maana sasa angeulizwa pia kwa nini hakusema mapema.

Matroni alipokuja kukagua vitanda alimkuta Hajarah amelegea mikono na miguu. Alimwita, akampiga mashavu kidogo, akammwagia maji usoni. Kisha akasema ni malaria, imepanda kichwani. Alisaga kidonge cha klorokwini kwenye kijiko cha maji akajaribu kumnywesha. Maji yaliingia vibaya, Hajarah akapaliwa kwa sauti ya kutisha, midomo yake ikabadilika rangi kabla hajapumua tena. Mwalimu mkuu aliletwa. Gari la shule halikuwa na petroli tangu mwezi uliopita. Na wakati wakibishana kama wambebe kwa baiskeli au machela, Landrova ya jeshi iliingia uwanjani.

Sajenti Sebit alishuka akitabasamu, mkononi ana mfuko wa sukari wa kumpa bintiye. Walipomwingiza bwenini tabasamu liliisha. Alipiga goti, akamwita Hajarah kwa jina la utotoni, tena na tena. Alipoinuka, uso wake ulikuwa mwingine.

"Mtoto wangu alikuwa mzima," alisema. "Nani amempa kitu hapa?"

Matroni Janepher alieleza habari za malaria na klorokwini. Sajenti alisema malaria haiji hivyo, kwa siku moja, bila joto. Huyu mtoto amelishwa kitu. Akamwita dereva wake na kumwamuru ampeleke mgonjwa garini, na baada ya hapo Matroni na mpishi waingie nyuma wakajieleze kambini. Miaka ile, mtu akiambiwa akajieleze kambini, watu wa kwake walianza kulia kabla gari halijaondoka. Mpishi, mama wa makamo, alikaa chini mlangoni. Matroni alianza kuifungua aproni yake, akaikunja vizuri na kuiweka juu ya kitanda.

Selpher aliitazama aproni ile. Chupa alikuwa nayo mfukoni, imelowa jasho la mkono wake. Aliogopa askari, aliogopa kambi, aliogopa kuulizwa kwao ni wapi. Lakini aliwaza jinsi Hajarah alivyopaliwa, akaona wazi kwamba hakuna mtu mwingine duniani anayejua alichokimeza.

"Afande, Matroni hakumpa kitu," alisema, akaitoa chupa. "Ni dawa yangu."

Sajenti aliichukua, akaigeuza huku na huku. Haikuwa na maandishi.

"Hii dawa ya nini?"

Neno la mama yake lilikuja lenyewe ulimini. Alilimeza.

"Ya kifafa, Afande. Mimi nina kifafa. Niliwaambia wote ni ya kichwa, Hajarah hakujua. Amemeza vidonge vingi tangu jana jioni, nami asubuhi nilijua nikanyamaza."

Nyuma yake alisikia miguu ya wasichana ikirudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka ukutani. Alikuwa ameingoja sauti ile muda mrefu. Machozi yalimtoka, lakini aliendelea kusimama.

Sajenti alimkazia macho. Kisha akasema, "Ingia gari. Wewe na hii chupa." Akamwambia Matroni naye aje amshike mgonjwa.

Walikwenda Mbale kwa mwendo wa kasi. Selpher alikaa kwenye sakafu ya gari, na kila Matroni alipoinama kumsikiliza Hajarah, naye alizuia pumzi mpaka Matroni aitikie kwa kichwa kwamba bado yuko hai. Hospitalini, daktari wa zamu aliuliza amekula nini, na Selpher alitaja: fenobabitoni. Daktari alimuuliza ana hakika gani, ilhali chupa haina karatasi. Akasema daktari wa Jinja alimfundisha kulitamka. Daktari hakuuliza zaidi. Aliwaita wauguzi, wakamlaza Hajarah kwa ubavu na kumwingiza ndani, mlango ukafungwa.

Selpher na Sajenti walikaa kwenye benchi moja la veranda. Selpher aliona jinsi yule askari alivyosimama na kuketi tena kila muuguzi alipopita, akashangaa, maana hakuwahi kufikiri kwamba watu wa namna ile huogopa. Sajenti alimuuliza Selpher baba yake anafanya kazi gani na kwao ni wapi. Selpher alisema kweli, kwamba wanatoka Kenya. Alikuwa amechoka kutafuta uongo mwingine.

Jua lilipokaribia kuzama, daktari alitoka, akawaambia kwamba Hajarah amefungua macho na kumuulizia baba yake. Atapona. Lau wangechelewa zaidi, au wangemtibu malaria huku akizidi kuzama, asingeahidi kitu. Sajenti alifunika uso kwa kofia yake. Alipoiondoa alimgeukia Selpher.

"Ungesema asubuhi," alisema.

Hakumtisha wala hakumpiga. Aliingia ndani kwa mwanawe. Selpher alilia pale kwenye benchi kuliko alivyowahi kulia, kwa kuwa neno lile lilikuwa kweli.

Daktari alimwita yeye na Matroni chumbani mwake. Alipojua kwamba Selpher amekuwa akimeza nusu au kuruka, alikunja uso. Alisema kupunguza dawa hiyo ghafla ni hatari, na kwamba kifafa kinaweza kurudi wakati wowote hata baada ya kuianza upya. Alitafuta kwenye kabati za hospitali akapata vidonge vya kumfikisha likizo. Kisha akamfundisha Matroni la kufanya mtoto akianguka: mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, weka kitu laini chini ya kichwa, usimtie kitu mdomoni, usimkandamize, mngoje. Na mtu yeyote asiyejitambua, aliongeza, asinyweshwe chochote. Matroni aliinamisha kichwa, akikumbuka kijiko chake.

Waliporudi, Matroni alisafisha kabati moja la chumba cha wagonjwa, akatia kufuli, na chupa ya Selpher ikakaa humo ikiwa na karatasi mpya yenye jina la mgonjwa, jina la dawa na saa za kumeza. Akatangaza kwamba kila mwenye dawa ailete, na hakuna atakayechekwa. Siku ya kwanza hakuna aliyekuja. Siku ya pili alikuja Nambozo mwenyewe, kiongozi wa bweni, na vidonge vya pumu alivyokuwa amevifunga kwenye pindo la shuka tangu mwaka jana.

Lakini bwenini mambo yalikuwa magumu. Karanga za Selpher hakuna aliyezigusa. Kwenye foleni ya uji walimwachia nafasi mbele na nyuma. Hajarah alikuwa bado hospitalini, na Selpher alikula peke yake mwisho wa meza, akihesabu moyoni kila kitu alichopoteza. Aliporudi Hajarah, amekonda kidogo, jambo la kwanza alilofanya ni kumkasirikia. Alimwambia alikaribia kufa kwa sababu ya uongo wake. Selpher alikubali. Kisha Hajarah akavuta benchi akaketi karibu naye, bado amenuna.

Siku ile ile, kwenye foleni ya uji, Selpher alianguka. Sahani ziligongana, wasichana walikimbilia milangoni kwa kelele, na Nambozo alipanda juu ya meza. Hajarah peke yake hakukimbia. Hospitalini alikuwa amemsumbua daktari kwa maswali mpaka akaambiwa yote. Sasa aliogopa sana, alisema baadaye. Lakini alisukuma benchi mbali, akavua sweta lake akaliweka chini ya kichwa cha rafiki yake, akamgeuza kwa ubavu, akakaa sakafuni akingoja. Povu lilimgusa mkononi. Alijifuta kwenye sketi. Matroni alipofika mbio hakukuta cha kurekebisha. Wasichana walitazama kutoka milangoni jinsi mwili wa Selpher ulivyotulia, jinsi alivyofungua macho, na jinsi Hajarah alivyoendelea kuwa Hajarah, siku hiyo, kesho yake, na wiki iliyofuata.

Jumamosi ya wazazi iliyofuata, mama yake Selpher alishuka kwenye basi kutoka Jinja. Barua ya shule ilikuwa imemfikia, naye alikuja amejiandaa kwa mabaya. Waliketi kwenye nyasi pamoja na Matroni. Mama hakuweza kumtazama Matroni usoni. Aliomba radhi kwa sauti ndogo, kwa kuwa Matroni alikaribia kupelekwa kambini bila kosa, kisha akafungua kikapu, akatoa kikombe kipya cha bati, cheupe chenye ukingo wa buluu.

"Najua wamekutengea," alimwambia mwanawe. "Nikasema basi, angalau uwe na kizuri."

Kabla Selpher hajajibu, Hajarah alifika akitoka kucheza, jasho linamtiririka. Alimwamkia mama kwa heshima. Kando ya Selpher kulikuwa na kikombe chake cha zamani, chenye maji nusu. Hajarah alikinyanyua bila kuuliza, akanywa yote, akamrudishia na kulalamika kwamba maji yenyewe ni ya moto. Nambozo, aliyekuwa nyuma yake, alisita kidogo. Kisha akakichukua kikombe kilekile, akaenda kukijaza bombani, akanywa na yeye.

Mama Selpher aliwatazama. Machozi yalimshuka, na kile kikombe kipya kilibaki magotini mwake asijue akifanyie nini.

Matroni Janepher alingoja mpaka mama alipotulia.

"Mama Selpher, sikulaumu," alisema. "Ulitaka kumlinda mtoto. Lakini ulipoibandua ile karatasi, ulitunyima sisi tuliobaki naye njia ya kumsaidia. Mtoto mgonjwa akija shuleni, ugonjwa wake na dawa yake vije vikiwa na jina, vikae kwa mtu mzima." Akawageukia wasichana. "Na nyinyi, gawaneni karanga, gawaneni sabuni. Dawa si ya kugawana. Imepimwa kwa mwili wa mtu mmoja, na inayomponya yeye inaweza kukuua wewe. Mkiona mwenzenu ana shida, semeni papo hapo, hata kama mnaona haya. Haya inapita. Selpher alisema akiwa amechelewa, lakini alisema mbele ya askari, na ndiyo sababu Hajarah na mimi tuko hapa."

Kisha alinyoosha mkono, akaomba kile kikombe cheupe. Alisema kabati lake la dawa lilikuwa na kila kitu isipokuwa chombo cha maji ya kumezea. Mama alimpa. Kuanzia jioni ile kilikaa juu ya kabati, na kila aliyekuja kumeza dawa alikitumia, Selpher kwa kifafa chake na Nambozo kwa pumu yake. Mwisho wa muhula kilikuwa kimeshabonyea upande mmoja kwa kushikwa na wengi.